Mwaka Niliochelewa Kupanda Pamba

Nilizaliwa Kilwa ya ziwani, upande wa Zaire, si ile Kilwa ya pwani ambayo wengi huifikiria wakisikia jina hilo. Niliolewa ng'ambo ya ziwa, katika nchi nyingine, Nchelenge, na mvuvi aliyekuwa akivuka kuuza samaki kwetu na kurudi na sabuni na vitenge. Miaka ya mwanzo sikujua Kibemba cha kutosha kugombana wala kutania. Mtu pekee niliyezungumza naye kwa raha alikuwa dada wa mume wangu, mjane, aliyenizidi umri, ambaye zamani alifanya biashara ya samaki upande wetu kabla mume wake hajafa maji. Alikijua Kiswahili chetu cha Katanga vizuri. Mimi na wifi yangu huyo tuliitana mulamu, kama wanavyoitana mashemeji pande zile.

Katikati ya miaka ya sabini ofisi ya kilimo ilileta mbegu za pamba. Wanaume wa ufukoni hawakuzitaka. Walikuwa na nyavu zao, na mume wangu alisema kitu kisicholiwa si mazao. Kwa hiyo pamba ikawa ya wanawake. Tulipewa mashamba ng'ambo ya barabara, mbali kidogo na maji, kwenye udongo ambao mihogo ilikuwa imeuchosha. Shamba langu na la wifi yalitazamana, yakitenganishwa na njia nyembamba ya miguu. Mwaka wa kwanza tulipanda pamoja, tukachuma pamoja, na hakuna la kusimulia.

Mama yangu, kule Kilwa, aliposikia kwamba nalima pamba hakufurahi. Yeye alikulia mbali kaskazini, na ujana wake ulipita katika pamba ya lazima ya Wabelgiji. Alinieleza jinsi moniteri, msimamizi wa pamba, alivyokuja kijijini na kamba ya kupimia, jinsi watu wote walivyotakiwa kupanda katika juma moja, na jinsi walivyolazimishwa kung'oa miti yote ya pamba na kuichoma baada ya mavuno. Aliyebakiza miti shambani alifungwa. Nilimuuliza kwa nini walichoma. Alisema hakuna aliyewahi kuwaambia, na wao hawakuuliza, kwa sababu kuuliza nako kulikuwa na adhabu yake.

Mwaka wa pili, mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, mfanyabiashara mmoja wa samaki aliniletea habari kwamba mama ni mgonjwa. Nilivuka ziwa siku ileile. Nilimkuta akiwa bado anazungumza, nikakaa naye hadi alipokufa, kisha nikakaa matanga. Niliporudi Nchelenge, Krismasi ilikuwa imepita.

Pamba ya wifi ilikuwa imefika magotini. Shamba langu lilikuwa majani matupu. Wifi alitaka kunipandia, lakini mjomba wao alimkataza. Mjomba huyu, kaka wa mama yao, ndiye aliyekuwa mwenye neno la mwisho katika ukoo. Alisema mbegu ya mtu aliye msibani haitiwi ardhini na mkono mwingine. Basi wifi aliziweka mbegu zangu ndani ya mkebe, akauning'iniza juu ya moto zisiingie unyevu, akaningoja.

Bwana shamba wetu alikuwa kijana kutoka kusini mwa nchi. Kibemba chake kilikuwa cha shida kama changu, na Kiswahili hakukijua kabisa, kwa hiyo wifi alisimama katikati yetu na kutafsiri. Yule kijana alisema nimechelewa. Alinishauri nipande maharagwe mwaka huo, pamba ningoje mwakani. Nilimsikia, lakini nilipanda pamba. Nilikuwa nimetoka kumzika mama na nilitaka kazi ndefu, kazi ya kuinamisha mgongo kila siku. Maharagwe yangekwisha upesi.

Miche iliota vizuri. Nilipalilia, nikapunguza, na wifi alinisaidia kila alipomaliza kwake. Katika kuvuka ile njia kwenda na kurudi, tuliyaona mashamba yote mawili kwa ukaribu. Kwake wadudu walikuwa wengi, tena wa kila aina. Sisimizi walipanda na kushuka kwenye mashina mchana kutwa. Buibui walikaa kwenye pembe za majani. Kulikuwa na vile vidudu vya mviringo, vyekundu vyenye madoa meusi, na vingine vya kijani vyenye mabawa membamba kama wavu. Sisi tuliwaita wote bidudu, basi. Funza wa vitumba, wale wanaotoboa tunda la pamba kabla halijapasuka, nao walikuwapo, lakini si wengi. Wifi aliwatoa kwa vidole na kuwaponda.

Dawa hakupiga. Hakuwa na sababu ya busara. Pampu ya mgongoni ilikuwa moja kwa mashamba yote ya upande wetu, na msimu ule iliharibika mapema, ikapelekwa Chienge kutengenezwa. Iliporudi, vitumba vyake vilikuwa vimekomaa na kuwa vigumu, akaona haina haja.

Pamba yangu ilichanua ilipokuwa yake inamaliza kuchanua. Hapo ndipo nondo walipojaa. Nilipokwenda shambani jioni niliwaona wakiruka chini chini juu ya maua, na baada ya muda mfupi kila kitumba nilichokigusa kilikuwa na tundu, na ndani ya tundu funza mwenye kichwa cha hudhurungi. Niliwatoa kwa vidole kama wifi alivyofanya. Kesho yake walikuwa wengine. Ilikuwa kama kuteka ziwa kwa kikombe.

Bwana shamba aliniletea pampu na unga wa dawa, akanionyesha namna ya kuukoroga. Nilijifunga kitambaa mdomoni, nikapita mstari kwa mstari. Harufu yake ilinikaa kooni, na chakula cha siku ile sikukisikia ladha. Asubuhi iliyofuata niliwakuta funza wamening'inia, wengine wameanguka chini. Nilifurahi sana. Katikati ya mistari walikuwapo pia buibui waliokunja miguu, sisimizi waliotawanyika kama majani ya chai, na vile vyekundu vyenye madoa vimelala chali. Niliwaona, lakini kwangu mdudu aliyekufa alikuwa mdudu aliyekufa.

Utaratibu wa bwana shamba ulikuwa kurudia dawa kila baada ya muda aliopewa na ofisi yake, funza wawepo wasiwepo. Nilirudia. Pampu nilikwenda kuioshea kwenye kijito kinachoshuka ziwani, na mara moja tu, kwa sababu vilielea visamaki vidogo vilivyokufa, na mume wangu aliposikia alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Tangu siku hiyo niliioshea shimoni, mbali.

Mvua zilipoanza kupungua, majani ya pamba yangu yalijikunja. Chini ya kila jani walijazana vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaofyonza majani, na majani yakawa ya kunata kama mikono ya mtoto aliyekula muwa. Nilipiga dawa. Walipungua, wakarudi wengi zaidi. Kisha ikaja hali nyingine. Majani yalianza kuwa na rangi ya shaba, na nilipoligeuza moja niliona kama vumbi jekundu. Nililipuliza, halikutoka. Nilipolitazama kwa makini, vumbi lile lilikuwa linatembea. Bwana shamba alipokuja alisema niongeze kipimo. Niliongeza. Shamba likazidi kuwa jekundu.

Ng'ambo ya njia, pamba ya wifi ilipasuka nyeupe.

Aliichuma sehemu kubwa, na baada ya hapo wakaja kangambili. Anayewajua kangambili hahitaji kuelezwa. Ni wadudu wekundu wenye alama nyeusi, wanaotembea wawili wawili wamegeuziana migongo, wanaofyonza mbegu na kuitia pamba madoa ya manjano. Kwake walikuta vitumba vingi vimekwisha kupasuka na kuchumwa. Basi wakahama. Waliokomaa waliruka, na watoto wao wasio na mabawa wakaivuka ile njia kwa miguu, mchana, mbele ya macho ya kila mpita njia. Watu waliokwenda kuchanja kuni walisimama kuangalia. Mstari mwekundu ulitoka shamba la mjane ukaingia shamba la mke wa kaka yake.

Maneno yalianzia hapo. Kwanza yalisemwa kisimani, kwa Kibemba cha haraka nisichokielewa, na yalikatika nilipofika. Kisha nikaanza kuelewa. Walisema shamba langu limechomwa bila moto, majani yamekuwa mekundu kama damu, na la jirani yangu halina doa. Walisema hata dawa ya serikali inashindwa. Wakakumbuka kwamba mume wa wifi alikufa maji siku ambayo ziwa lilikuwa shwari. Wakakumbuka kwamba wifi hakuzaa. Katika nchi ile, na katika nchi yangu pia, maneno ya namna hiyo yakikusanyika hayasubiri ushahidi mwingine. Mwanamke mmoja mzee wa kijiji cha jirani alikuwa amefukuzwa kwa maneno machache kuliko hayo, nyumba yake ikachomwa, na hakuna aliyejua alikokwenda.

Mume wangu aliyaleta nyumbani mchana mmoja, tukiwa tunakula. Alisema anataka kumwita mganga aje kuyaangalia mashamba. Nilimuuliza kama anamaanisha dada yake.

Alisema, "Sina jina la mutu mudomoni. Nataka tu kujua."

Nilimwambia mganga hatakuja kutazama pamba, atakuja kutazama nyuso za watu, na akiondoka atatuachia sisi hilo jina alilolitaja tuishi nalo. Alinawa mikono, akarudi kwenye nyavu zake. Nilimjua. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, na aliona aibu kumwogopa mtu aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto.

Nilikwenda kwa wifi. Nilimkuta akigeuza samaki kwenye kichanja. Nilifikiri nitamletea habari, lakini alikuwa anazo zote, na zingine zaidi ya zangu.

Alisema, "Banasema miye njo natuma bile bidudu. Weye unasema nini, mulamu?"

Nilimwambia sijui wadudu wale wametokea wapi, ila najua hawakutumwa na yeye. Alisema kwamba hilo halitoshi, kwa sababu mimi ni mgeni na neno la mgeni halina uzito. Aliendelea kugeuza samaki. Alipofika mwisho wa kichanja alisema ataing'oa pamba yake yote na kuichoma, mbele ya mjomba na mbele ya kila anayetaka kuona. Nilimkumbusha kwamba hajachuma mara ya mwisho, vitumba vya juu bado. Alisema anajua.

Nilimsimulia kuhusu mama yangu na moniteri na amri ya kuchoma miti. Tulikaa tukilifikiria jambo hilo. Huenda Wabelgiji, pamoja na ubaya wao, walijua kwamba mdudu hukaa kwenye miti iliyobaki akingojea chakula kingine. Hatukuwa na hakika.

Mjomba alikuja siku ya kung'oa. Walikuja pia majirani wengi, wakasimama upande wa barabara. Wifi alikuwa amekwisha kulundika miti katikati ya shamba tangu alfajiri, na mimi nilimsaidia bila kuulizwa. Mjomba alikuwa mtu mfupi, asiyependa maneno mengi. Mume wangu alimsogelea akamweleza habari ya mganga. Mjomba alisikiliza hadi mwisho.

Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika barabarani, na wifi alinitafsiria maneno yale baadaye ili niyapate sawasawa: "Kama ni uchawi, moto utaona. Kama ni wadudu, moto utawamaliza. Mganga tutamwita kwa kazi gani?"

Wifi akawasha moto. Miti ilikuwa bado mibichi kiasi, ikatoa moshi mwingi kabla ya kushika. Kangambili waliokuwa wamebaki walikimbia kutoka kwenye lundo, na watu wakawakanyaga. Wengine walicheka, na nilipumua kidogo, maana watu wanaocheka wamepunguza hofu.

Lakini moto haukumaliza jambo. Kangambili wengi walikuwa tayari kwangu. Siku zilizofuata waliendelea kuzaana juu ya vitumba vyangu vichache vilivyosalia, na wekundu wa majani ukaongezeka. Kisimani nikasikia kwamba kuchoma kulikuwa kuficha. Nikasikia kwamba sasa shamba la mchawi limekuwa tupu na la mgonjwa bado linaumwa. Mume wangu akaanza tena kula upesi na kurudi kwenye nyavu zake.

Hapo nikafanya uamuzi wangu, na niliufanya peke yangu. Nilichukua jembe asubuhi, nikaenda shambani, nikaanza kung'oa. Pamba yangu ilikuwa bado na kitu. Ningeweza kupata kiasi fulani, chenye madoa, cha daraja la mwisho, lakini ningepata. Nilipiga hesabu nyingine kichwani. Maadamu shamba lile lilisimama likiwa jekundu, kila apitaye angelitazama kisha angeitazama nyumba ya wifi. Likiondoka, hakungekuwa na cha kutazama.

Wifi alikuja akanikuta nimefika nusu. Hakusema niache. Alishika mstari wa pili. Mume wangu alikuja baadaye, akasimama kwenye njia.

Aliniuliza sababu yake, "Unang'oa pamba yako juu ya nini?"

Nikamwambia, "Juu ya dada yako."

Alisimama pale, panga za wavuvi wenzake zikimwita. Kisha akaondoka, na nilidhani amekwenda kumlalamikia mjomba. Alirudi na panga, akaanza kukata miti iliyotushinda kung'oa. Tulichoma siku hiyohiyo. Hakukuwa na watazamaji, isipokuwa watu wawili watatu waliokuwa wanapita na kuni.

Maneno hayakuisha siku moja. Yalipungua, kama yanavyopungua maneno yasiyo na kitu cha kuonyeshea kidole. Msimu wa kiangazi samaki walikuwa wengi, watu wakawa na kazi. Mume wangu hakumwomba dada yake radhi kwa mdomo. Alimjengea kichanja kipya cha kukaushia samaki, kipana kuliko cha kwetu, na wifi alikipokea. Mimi sikumwuliza alifikiri nini. Tangu hapo, hata hivyo, hakula tena chakula nyumbani kwetu mume wangu akiwapo. Alikuja kaka yake akiwa ziwani.

Bwana shamba alipopita na kuona majivu upande huu na upande ule, alishuka kwenye baiskeli na kuuliza nini kimetokea. Wifi alimweleza ya wadudu. Ya watu hakumweleza. Yule kijana alikaa kwenye kisiki, akauliza maswali mengi, na mengi kati yake yalihusu wadudu ambao hatukuwa tumewajali: sisimizi, buibui, vile vyekundu vyenye madoa. Aliuliza waliisha lini kwangu. Nilipomwambia waliisha asubuhi ya kwanza baada ya dawa, alitikisa kichwa polepole. Alizungumza na wifi kwa muda mrefu. Mwishoni wifi alinigeukia.

"Anasema tuliua basoda, tukaacha adui," alisema, akimaanisha askari wetu. "Bile bidudu byekundu njo binakula bidukari."

Nikamwomba amuulize kwa nini basi alinipa utaratibu wa kupiga dawa bila kuangalia. Wifi alisita, kisha akauliza. Bwana shamba alijibu kwamba ndivyo alivyofundishwa chuoni na ndivyo ofisi ilivyomwagiza, na kwamba hata hivyo bila dawa funza wangemaliza vitumba vyote, kwa vile nilivyokuwa nimechelewa. Alisema pamba iliyochelewa huwa haina njia nzuri. Hakuona haya kulisema, na mimi sikumchukia. Alikuwa na umri kama wangu, naye pia alikuwa mbali na kwao.

Mwaka uliofuata tulipanda sote wawili na mvua ya kwanza ya kulowesha, katika juma moja na wanawake wengine wa upande ule, kwa sababu bwana shamba alipita kila nyumba akihimiza. Hakutumia kamba. Dawa alituambia tusiiguse mpaka yeye au sisi tuone funza wengi kuliko tunavyoweza kutoa kwa vidole. Kwangu tulipiga mara moja, kwa wifi hatukupiga. Vidukari walikuja, na baada yao vikaja vile vyekundu vyenye madoa, na watoto wao wenye sura mbaya kama vimamba vidogo, wakawala. Nilikuwa nawatazama wakila badala ya kupalilia. Wifi alinicheka, akasema nimepata ng'ombe wa kuchunga.

Mavuno yalikuwa ya kawaida, si ya kuringia. Tulipomaliza tulichoma miti, shamba hadi shamba, moshi ukafika hadi ufukoni.

Pamba haikudumu pande zetu. Msimu mmoja lori la kununua lilichelewa sana, na msimu uliofuata halikuja. Petroli ilikuwa ya shida, barabara ilikuwa mbovu, na nadhani huko mjini kuna mtu aliamua kwamba mavuno yetu hayalingani na safari. Magunia yalikaa ndani ya nyumba hadi panya wakayapata. Mengine tulijazia magodoro. Bwana shamba alihamishwa, akaja kuaga, na wifi akampa samaki wakavu wa kupeleka kwao. Mashamba yetu yakarudi kuwa ya mihogo.

Wifi alihamia Kafutuma, kwa binti wa marehemu dada yake, alipochoka kufanya kazi ya samaki peke yake. Nilikuwa nikienda kumwona mara kwa mara, na mume wangu alikuwa akinipa kitu cha kumpelekea, sukari au kitambaa, akisema nisimwambie kimetoka kwake. Nilikuwa namwambia.